NENO «LETHAL» NA JAMAA ZAKE
Somo juu ya maneno ya mauti, kwa makatekista, walimu na wanafunzi wa madarasa ya juu



Katika masoko yetu ya Kivu, tangu Bukavu hata Katana na Kalehe, zinauzwa dawa za kuulia wadudu wa mashamba. Nyingi zimetengenezwa mbali, na maandishi yake mara kwa mara ni ya Kiingereza. Watoto wetu hujifunza Kifaransa shuleni, na nyumbani husema Kimashi na Kiswahili. Basi chupa yaweza kusema waziwazi kwamba kilichomo ndani chaua, na mtu akaiweka jikoni karibu na mafuta ya kupikia, kwa kuwa hakuna aliyemfasiria maandishi yake. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuchukua neno moja la Kiingereza, «lethal», tuliulize maana yake, na asili yake, na jamaa zake.

Lakini iko sababu nyingine, nayo ni kubwa zaidi. Kila juma sisi makatekista tunatamka mbele ya watoto maneno haya: «dhambi ya mauti». Watoto huyarudia kwa sauti moja, na siku ya mtihani huyajibu pasipo kukosa. Lakini wakiulizwa, «Mauti gani?», wengi hunyamaza. Wengine hufikiri kwamba mtu akitenda dhambi hiyo atakufa usiku ule ule kitandani. Wengine hufikiri kinyume: kwamba kwa kuwa fulani ametenda wala hakufa, basi maneno hayo ni ya kutisha watoto tu. Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja, nao ni kutojua neno. Mwalimu asiyeeleza neno ameacha kazi yake nusu.

1. Neno lasema nini

«Lethal» maana yake ni chenye kuleta kifo, chenye kufisha. Husemwa juu ya sumu, juu ya silaha, juu ya ugonjwa, tena juu ya kipimo cha dawa. Angalieni vizuri: neno hili halisemi tu kwamba kitu ni cha hatari. Mto uliofurika ni wa hatari, barabara ya mlimani wakati wa mvua ni ya hatari, nao watu huvuka na kupita. Kitu kinachoitwa «lethal» kina nguvu ya kuua ndani yake chenyewe, kikimfikia mtu kwa kiasi cha kutosha.

Kiasi hicho ndicho wataalamu wanachokipima. Mganga Paracelsus, mzaliwa wa Uswisi, aliandika mwaka 1538 kwamba kila kitu kina sumu, na kwamba kipimo peke yake ndicho kinachotenga sumu na kisicho sumu. Hata chumvi ya kawaida, ikizidi mno, yaua. Mwaka 1927 mtaalamu Mwingereza J. W. Trevan alileta njia ya kupima ukali wa sumu: kutafuta kipimo ambacho huua nusu ya wanyama wa majaribio. Kadiri kipimo hicho kilivyo kidogo, ndivyo sumu ilivyo kali.

Asiyejua kusoma Kiingereza anaweza kusoma alama. Juu ya chupa nyingi za dawa za mashamba mna utepe wa rangi. Utepe mwekundu ni wa sumu kali kuliko zote; wa manjano ni wa sumu inayofuata; wa buluu hupungua; wa kijani ni wa dawa zenye hatari ndogo, wala si za kuchezea. Fuvu la kichwa pamoja na mifupa miwili iliyopishana ni alama ya kifo mahali pote duniani. Kila mwalimu na achore alama hizo ubaoni, na watoto wazichore katika daftari zao. Tena wafundishwe hivi: dawa ya shamba haimiminwi kamwe katika chupa ya soda wala ya maji, chupa yake ikiisha haichotewi maji ya kunywa, na mtu akiinywa kwa bahati mbaya, asilazimishwe kutapika, bali apelekwe upesi kwa waganga pamoja na chupa yenyewe, wapate kujua ni sumu gani.

2. Neno lilitoka wapi

Waingereza hawakulizaa neno hili. Wamelipokea kutoka Kilatini. Warumi wa kale walikuwa na neno «letum», maana yake kifo. Kutoka «letum» wakapata «letalis», yaani chenye kuleta kifo. Katika neno hilo la kwanza hamna herufi H. Nao Wafaransa huliandika vivyo hivyo hata leo, «létal», pasipo H.

Je, H ya Kiingereza ilitoka wapi? Ilitoka katika hadithi. Wayunani wa kale, kabla ya kuijua Injili, walisimulia kwamba katika nchi ya wafu uko mto uitwao Lethe, na kwamba roho ikinywa maji yake husahau yote ya maisha yake: nyumba yake, watoto wake, mema yake na mabaya yake. «Lethe» kwa Kiyunani ni usahaulifu. Basi waandishi wa Kilatini wa nyakati za baadaye, walipoona «letum» na «Lethe» yafanana kwa sauti, wakadhani ni ya ukoo mmoja, wakaanza kuandika «lethalis». Kwa njia hiyo Waingereza, mnamo mwisho wa karne ya kumi na sita, wakalipokea neno likiwa na H ambayo si yake. Lipo neno jingine ambalo kweli ni mtoto wa Lethe, ndilo «léthargie» la Kifaransa, maana yake usingizi mzito au ulegevu usio wa kawaida. Lakini «lethal» lilivalishwa tu vazi la jirani.

Huenda msomaji atauliza: «Herufi moja yatufaa nini?» Yatufaa mambo mawili. Kwanza, yatufundisha kwamba maneno mawili yanayofanana kwa sauti si lazima yawe ndugu; ni onyo jema kwa kila mwalimu anayependa kueleza asili ya maneno kwa kukisia. Pili, wale waandishi walikosea katika herufi, lakini fikira yao haikuwa ya upuuzi. Waliona kwamba kufa na kusahau hukaa karibu. Tutalirudia jambo hilo mbele.

Hapa tukumbuke neno jingine la Kiyunani, «aletheia», maana yake ukweli. Wataalamu wengi hulichambua hivi: «a» ni ya kukanusha, na sehemu inayobaki ni ya ukoo wa Lethe. Basi ukweli ni kile kisichofichika, kile kisichosahauliwa. Ndilo neno lililoandikwa katika Injili ya Yohane, sura ya kumi na nne, pale Bwana wetu alipojiita njia, na ukweli, na uzima. Katika aya hiyo moja ukweli na uzima vimesimama bega kwa bega.

3. Jamaa zake katika Kiingereza

Kiingereza kina maneno mengine ya jamaa hii, na kila moja lina historia yake.

La kwanza ni «deadly». Hili ni la Waingereza wenyewe tangu zamani, limejengwa juu ya neno lao la «mfu». Hutumika katika maneno ya kila siku.

La pili ni «mortal», lililopita katika Kifaransa kutoka Kilatini «mors», kifo. Neno hili lina nyuso mbili. Husemwa juu ya kitu kinachoua, kama jeraha lenye kufisha. Tena husemwa juu ya mtu mwenyewe, kwamba ni kiumbe atakayekufa. Mfaransa naye hutumia «mortel» kwa maana zote mbili. Kutoka hapo yalipatikana maneno ya Kanisa ya Kilatini, «peccatum mortale», ambayo sisi twayasema «dhambi ya mauti».

La tatu ni «fatal». Asili yake ni «fatum», yaani jambo lililokwisha kusemwa. Warumi walifikiri kwamba miungu yao ikitamka neno juu ya mtu, hana njia ya kuliepuka. Mkristu hafikiri hivyo. Mungu ajua yote, lakini hakumfunga mtu kamba ya kumvuta kwenye uovu.

4. Maneno yetu wenyewe

Sasa tugeukie lugha zetu, maana mtu asiyejua kilicho nyumbani mwake hawezi kupima cha jirani.

Kiswahili kina shina la kale, «-fa», tulilorithi pamoja na ndugu zetu wa lugha za Kibantu. Mshi husema «okufa», Mnyarwanda husema «gupfa», msemaji wa Lingala husema «kokufa». Kutoka shina hilo twapata kufa, kifo, mfu na wafu. Twapata pia kufisha, maana yake kumfanya mwingine afe. Kwa hiyo mtu akituuliza «lethal» ni nini kwa Kiswahili, jibu la karibu kabisa ni «-enye kufisha»: sumu yenye kufisha, hewa yenye kufisha.

Neno «mauti» lilikuja kwa njia ya pwani kutoka Kiarabu, «mawt», nalo ni ndugu wa Kiebrania «mavet», neno la kifo katika vitabu vya Agano la Kale. Basi mtoto wa Lwiro asemapo «mauti», anatamka neno ambalo ukoo wake walitumia Musa na manabii. Katika Kiswahili «mauti» lina uzito kuliko «kifo». Kifo cha kuku ni kifo. Hatusemi kwa kawaida mauti ya kuku. Walioandika katekisimu walichagua neno lenye uzito kwa jambo lenye uzito.

Watoto huchanganya «mauti» na «maiti». Yote mawili yametoka Kiarabu na shina lake ni moja, lakini maiti ni mwili wa mtu aliyekufa, na mauti ni kifo chenyewe. Maiti huzikwa, mauti hayazikwi.

Neno «ajali» nalo linafaa kuangaliwa. Leo twasema ajali ya gari au ajali ya mtumbwi. Lakini kwa Kiarabu «ajal» ni muda uliowekwa, saa ya mwisho wa maisha. Tazameni jinsi lilivyo karibu na «fatal» ya Kiingereza. Hivyo mtu akisema mbele ya gari lililopinduka, «Ilikuwa ajali yake», ajiulize vizuri. Huenda ilikuwa breki mbovu na dereva mlevi, na neno «ajali» linatumiwa kama blanketi la kufunika kosa la mtu.

5. Vitu vinavyofisha mwili

Tutoe mifano miwili ya nchi yetu ya Kivu, maana neno bila kitu chake hupeperuka.

Mfano wa kwanza ni mazuku. Pande za Goma, kaskazini ya ziwa, chini ya milima ya moto, watu huita mazuku mahali penye hewa mbaya inayotoka ardhini. Hewa hiyo ni kaboni dioksidi. Haina rangi, wala harufu ya kumwonya mtu. Tena ni nzito kuliko hewa tunayovuta, yapata mara moja na nusu; kwa hiyo hukaa mabondeni na mashimoni kama maji yakaavyo katika bakuli, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Mbuzi na watoto wadogo, ambao vichwa vyao viko karibu na ardhi, huwa wa kwanza kuanguka. Mara nyingi mtu mzima akiwaona hukimbia kuwaokoa, huinama, naye huanguka juu yao. Huko Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, hewa ya namna hiyo ilitoka ghafula katika ziwa Nyos, ikaua watu wapatao 1700 katika usiku mmoja. Nalo ziwa letu la Kivu lina hewa nyingi sana kilindini mwake, ndiyo maana wataalamu hawaachi kulichunguza.

Mfano wa pili ni bwaki. Lwiro yajulikana katika nchi nyingi kwa ajili ya kituo chake cha utafiti. Shirika la IRSAC, lililoundwa mwaka 1947 wakati wa Wabelgiji, lilijenga hapa kituo chake kikubwa, nacho leo chaitwa CRSN. Pamoja na kuchunguza mitetemeko ya ardhi, wanyama na mimea, waganga wa Lwiro walichunguza ugonjwa wa watoto ambao watu wa hapa huuita bwaki. Miguu huvimba, nywele hubadilika rangi na kuwa nyekundu-nyekundu, ngozi hubanduka, mtoto hukosa hamu ya kula na ya kucheza. Dunia ya waganga huuita ugonjwa huu «kwashiorkor», neno la lugha ya Kiga ya Ghana, ambalo daktari Cicely Williams alilitia katika vitabu vya uganga mwaka 1935. Neno hilo lahusu mtoto aliyeondolewa ziwani kwa kuwa mdogo wake amezaliwa. Wazee wa Ghana waliona lini ugonjwa huanza, wakautia jina linaloonyesha sababu yake.

Sasa angalieni jambo la kusikitisha. Mtoto akivimba miguu na kufa, mara nyingi mtu mmoja husema: «Ametiwa sumu.» Mwingine hutaja jina la jirani, mara nyingi mama mzee asiye na mume wala mwana wa kumtetea. Neno hilo moja, «sumu», lililotamkwa pasipo ushahidi, limepata kufukuza watu katika nyumba zao, na limepata kumwaga damu. Mtoto alikufa kwa kukosa maharagwe, maziwa na mayai. Lakini kwa sababu ugonjwa wake uliitwa kwa jina lisilo lake, hakupelekwa kwa waganga, wala mdogo wake hakulishwa vema. Hivyo jina la uongo laua mara tatu: mtoto wa kwanza, na wa pili, na jirani. Amri ya tano yakataza kuua. Amri ya nane yakataza kumshuhudia mwenzako uongo. Katika neno hilo amri zote mbili zavunjwa kwa pamoja.

6. Dhambi ya mauti

Baada ya hayo twaweza kuieleza dhambi ya mauti pasipo kuwachanganya watoto. Mtume Yohane, katika barua yake ya kwanza, sura ya tano, atenga dhambi iletayo mauti na dhambi isiyoleta mauti. Kwa Kiyunani aliandika «pros thanaton», yaani «kuelekea mauti». Tuyashike maneno hayo, maana yatusaidia sana. Dhambi hiyo haimwangushi mtu chini papo hapo. Inamgeuza uso. Alikuwa akielekea kwa Mungu aliye uzima, sasa anampa mgongo na kuelekea upande usio na uzima.

Kama mwili unavyoishi kwa pumzi, ndivyo roho inavyoishi kwa neema ya utakaso. Dhambi ya mauti huiondoa neema hiyo. Mtu huendelea kulima, kuuza sokoni, kucheka na rafiki zake. Hakuna anayemwona kuwa ni mgonjwa. Nayo mazuku haina rangi wala harufu.

Kanisa lafundisha kwamba ili dhambi iwe ya mauti, sharti mambo matatu yakutane pamoja: jambo lenyewe liwe kubwa, mtenda ajue vizuri kwamba ni kubwa, tena akubali kwa hiari yake kamili. Likikosekana moja, si dhambi ya mauti. Mtoto aliyekula muwa wa jirani kwa njaa hakutenda dhambi ya mauti. Aliyelazimishwa kwa bunduki kubeba mizigo ya wezi hakukubali kwa hiari. Wako watu wengi katika nchi yetu waliotendwa maovu makubwa kwa nguvu, hasa wanawake na wasichana, nao hujiona wachafu mbele ya Mungu. Katekista awaambie pasipo kusita: dhambi ni ya yule aliyetenda, wala si ya yule aliyetendwa. Mzigo huo wasiubebe hata siku moja.

Dhambi nyingine, ile tuiitayo nyepesi au ndogo, kwa Kilatini ni «peccatum veniale». Asili yake ni «venia», maana yake msamaha. Lakini tusikosee hapa: si kwamba dhambi ya mauti haina msamaha. Dhambi nyepesi huudhoofisha upendo bila kuuua. Ile ya mauti huuua, na kwa hiyo yahitaji dawa yenye nguvu, yaani toba ya kweli na sakramenti ya Kitubio.

Tena Waingereza husema juu ya dhambi saba wakiziita «deadly», yaani zenye kufisha: majivuno, choyo, uzinzi, kijicho, ulafi, hasira na uvivu. Mtu akiyasikia maneno hayo hudhani kwamba kila hasira ni dhambi ya mauti. Kilatini husema kwa uangalifu zaidi: huziita «capitalia», kutoka «caput», kichwa, nasi twasema vichwa vya dhambi. Papa Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa tangu mwaka 590 hata 604, ndiye aliyezipanga saba katika maelezo yake juu ya kitabu cha Yobu. Zaitwa vichwa kwa kuwa nyingine huzifuata, kama mkia umfuatavyo nyoka. Kijicho kidogo juu ya shamba la jirani chaweza kuzaa uongo, na uongo ukazaa shitaka la sumu, na shitaka likazaa kuua. Aponde kichwa mapema anayetaka kumshinda nyoka.

7. Makosa mawili ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kusema kwamba kila ugonjwa na kila kifo ni adhabu ya dhambi. Katika Injili ya Yohane, sura ya tisa, wanafunzi walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, kipofu yule ama wazazi wake. Bwana alikana yote mawili. Na katika Injili ya Luka, sura ya kumi na tatu, alitaja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Kwa hiyo katekista asimwambie kamwe mama aliyefiwa kwamba mwanawe alikufa kwa ajili ya dhambi zake.

Kosa la pili ni kudhani kwamba mauti ya mwili ndiyo mabaya kuliko yote. Tutazame hapa Bukavu. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alipaza sauti kutetea watu na wakimbizi wakati wa taabu kuu, akauawa mjini Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Naye Mwenye Heri Anuarite Nengapeta aliuawa huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alipokataa kuvunja nadhiri yake. Risasi ilikuwa yenye kufisha, na miili yao ilikufa. Lakini kile ambacho wauaji walitaka kukiua ndani yao hakikufa. Na wale walioshika bunduki walirudi makwao wakiwa na mwili mzima. Nani katika hao alikuwa amepatwa na mauti yaliyo makubwa zaidi? Kila mmoja ajijibu, wala tusiwahukumu. Mungu peke yake ajua kama walitubu.

8. Dawa ya mauti

Tulisema kwamba waandishi wa kale walichanganya kifo na usahaulifu. Katika maisha ya roho viko karibu kweli. Mtu aliyetenda uovu mkubwa atamani kusahau. Hunywa pombe, huhama kijiji, husema, «Hayo yamepita.» Lakini wazee wetu walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kitubio ni kinyume cha maji ya Lethe. Hapo mtu hakumbuki ili ateseke. Akumbuka na kutamka ili apone, kama mgonjwa amwonyeshavyo mganga kidonda mahali kilipo. Wala kutamka peke yake hakutoshi: aliyeiba na arudishe, aliyemsingizia jirani sumu na aende mbele ya watu wale wale waliomsikia, amsafishie jina lake.

Mwisho, litazameni neno letu jema kuliko yote ya jamaa hii: «kufufuka». Ndani yake mna shina lile lile la kufa, lakini limegeuzwa, kama vile kufunga hugeuzwa kuwa kufungua. Walionena Kiswahili tangu kale walijenga neno la kurudi uhai juu ya neno la kufa. Sisi Wakristu twalisikia kila Pasaka, nalo latuambia kwamba mauti yanayo nguvu ya kufunga, ila hayana neno la mwisho.

Maswali ya kuulizwa darasani

Swali. «Lethal» maana yake nini?
Jibu. Ni chenye kuleta kifo, chenye kufisha.

Swali. Asili yake ni nini?
Jibu. Ni neno la Kilatini «letum», yaani kifo. Herufi H iliingia baadaye kwa kulifananisha na Lethe, mto wa usahaulifu katika hadithi za Wayunani.

Swali. Mauti na maiti vyatofautianaje?
Jibu. Mauti ni kifo chenyewe. Maiti ni mwili wa mtu aliyekufa.

Swali. Alama gani hutuonya juu ya chupa ya sumu?
Jibu. Fuvu la kichwa na mifupa miwili, na utepe mwekundu kwa sumu iliyo kali kabisa.

Swali. Mambo gani matatu hufanya dhambi kuwa ya mauti?
Jibu. Jambo kubwa, kujua vizuri, na kukubali kwa hiari kamili.

Swali. Mtu aliyelazimishwa kwa nguvu ana dhambi?
Jibu. Hana, maana hakukubali. Dhambi ni ya yule aliyemlazimisha.

Swali. Mtoto akivimba miguu na kukosa hamu ya kula, tufanye nini?
Jibu. Tumpeleke upesi kwa waganga, tusimtaje jirani yeyote kuwa mtia sumu.

Zoezi. Kila mwanafunzi aangalie nyumbani chupa na makopo ya dawa, pasipo kuyafungua, aandike rangi ya utepe aliyoiona. Kesho yake mwalimu ayasome pamoja nao, na kuwaambia wazazi ni chupa zipi zapasa kuwekwa juu, mbali na mikono ya wadogo.